Mtakatifu Jadwiga: Binti Aliyetawazwa Kuwa Mfalme wa Polandi

Katika parokia zetu wako akina mama wengi wanaoitwa Hedwiga. Wakiulizwa msimamizi wao ni nani, wengi humtaja Mtakatifu Hedwiga wa Silesia, mke wa mtawala na mama wa watoto, aliyefariki dunia mwaka 1243. Yupo hata hivyo mtakatifu mwingine mwenye jina hilo hilo, aliyeishi zaidi ya karne moja baadaye, ambaye Martirolojia ya Kirumi inamkumbuka tarehe 17 Julai na waamini wa Polandi wanamwadhimisha tarehe 8 Juni. Kwao anaitwa Jadwiga. Alikuwa mfalme wa Polandi, na hatukukosea kuandika mfalme.

Maisha yake mafupi yanagusa swali lililozitesa nchi nyingi za Ulaya, na ambalo koo nyingi duniani bado halijalimaliza: je, binti anaweza kurithi kiti cha baba yake? Wapo waliojibu kwa sheria, wapo waliojibu kwa upanga. Polandi ilijibu kwa kumweka kitini mtoto wa miaka kumi hivi. Jibu hilo lilimgharimu nini mtoto mwenyewe, ni jambo ambalo vitabu vya wafalme hulipita haraka, nasi hatutalipita.

Mwaka 1370 Mfalme Kazimierz Mkuu wa Polandi alifariki dunia bila kuacha mtoto halali wa kiume. Kiti kikamwendea mpwa wake, Louis, ambaye tayari alikuwa mfalme wa Hungaria. Louis alikuwa mwana wa Elżbieta, dada yake Kazimierz, na mama huyo ndiye aliyetumwa kuitawala Polandi kwa niaba ya mwanawe aliyebaki Hungaria. Kwa hiyo kabla hata Jadwiga hajazaliwa, damu ya kifalme ya Polandi ilikwisha kupita kwa mwanamke. Wakuu wa nchi walilikubali hilo. Jambo ambalo hawakuwa wamelikubali ni mwanamke mwenyewe kuvaa taji. Mapatano yaliyofanyika Buda mwaka 1355 yalikuwa yametaja warithi wa kiume tu.

Mungu hakumjalia Louis mtoto wa kiume aliyeishi kumrithi. Alikuwa na mabinti watatu: Catherine, Mary, na kitinda mimba Jadwiga, aliyezaliwa Buda mwishoni mwa mwaka 1373 au mwanzoni mwa 1374. Mwaka huo wa 1374 Louis aliwaita makabaila wa Polandi katika mji wa Koszyce akafanya nao mapatano mapya. Yeye aliwapunguzia kodi ya ardhi hadi grosz mbili tu kwa kila kipimo cha shamba, pamoja na upendeleo mwingine. Wao wakakubali kwamba mmoja wa mabinti zake atarithi ufalme. Tusipambe jambo hili. Haki ya binti kurithi kiti cha enzi cha Polandi haikutokana na mafundisho ya wanataalimungu wala na huruma ya wakuu. Ilinunuliwa kwa punguzo la kodi.

Wakati huohuo Ufaransa ilikuwa imechukua njia tofauti. Mwaka 1316 binti wa mfalme aliachwa kando na ami yake akatwaa kiti, na mwaka 1328 mlango ulifungwa hata kwa mwanamume aliyedai haki kupitia kwa mama yake. Waliopinga urithi wa wanawake walikuwa na hoja mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba mfalme huongoza jeshi. Ya pili ni kwamba binti huolewa, na akiolewa ufalme wote humfuata mume wake, hata kama ni mgeni asiyeijua lugha ya nchi. Hoja ya kwanza, kama tutakavyoona, Jadwiga aliijibu akiwa bado msichana mdogo. Ya pili ilikuwa nzito zaidi, nayo ndiyo iliyomwangukia.

Mwaka 1378, alipokuwa na umri wa miaka minne hivi, baba yake alimpeleka Hainburg, nchini Austria, akafungishwa ahadi ya ndoa na Wilhelm wa ukoo wa Habsburg, mtoto wa miaka minane. Ahadi hiyo ilikuwa ya wakati ujao: ingekamilika watakapofikia umri uliotakiwa na sheria za Kanisa za siku zile, yaani miaka 12 kwa msichana na 14 kwa mvulana. Aliyeivunja angelipa florini 200,000. Jadwiga alilelewa kwa muda Vienna, katika nyumba ya wakwe zake watarajiwa, kisha akarudishwa Hungaria. Alikua akijua kwamba Wilhelm ndiye mume wake.

Louis alikusudia Polandi iende kwa Mary na Hungaria kwa Jadwiga. Alipofariki Septemba 1382, Wahungaria hawakungoja. Ndani ya siku chache walimtawaza Mary. Wakuu wa Polandi nao wakakataa kutawaliwa tena kutoka mbali. Walikuwa wamechoka na mfalme anayekaa nchi nyingine, wakadai binti atakayeishi kwao. Mama yao, Malkia Elizabeth, alikubali kumtoa mdogo, lakini akasitasita. Tarehe ziliwekwa na kupita. Kwa miaka miwili Polandi haikuwa na mfalme. Makabaila walipigana wao kwa wao katika upande wa magharibi, na Siemowit wa Mazovia, mtawala mwanamume wa ukoo wa kale wa nchi hiyo, akajitokeza kutaka taji. Waliotaka mwanamume walikuwa naye mkononi, tena mzalendo. Hata hivyo wengi walishikilia neno walilotoa Koszyce.

Oktoba 1384, katika kanisa kuu la Wawel mjini Kraków, Bodzęta, Askofu Mkuu wa Gniezno, alimpaka mafuta na kumvika taji msichana huyo. Aliandikwa kuwa mfalme wa Polandi, si malkia. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi hata katika Kiswahili. Sisi nasi tukisema malkia, msikilizaji hajui kama tunamtaja mke wa mfalme au mwanamke anayetawala mwenyewe. Kilatini cha siku zile kilikuwa na utata huohuo. Wapoland hawakutaka utata. Mke wa mfalme hupata cheo chake kutoka kwa mumewe, na akifiwa hubaki mjane. Jadwiga alipata cheo chake kwa urithi, na mwanamume yeyote atakayemwoa ndiye angepata cheo kupitia kwake.

Hapo ndipo hoja ile ya pili iliporudi. Makabaila wa Kraków hawakumtaka Wilhelm. Austria isingewasaidia lolote dhidi ya Shirika la Kiteutoni, shirika la kitawa la askari wa Kijerumani lililokuwa limeshika ardhi ya kaskazini na kuwazuia Wapoland wasiifikie bahari. Macho yao yalielekea mashariki, kwa Jogaila, Mtawala Mkuu wa Lithuania. Lithuania ilikuwa nchi kubwa, na ilikuwa ya mwisho barani Ulaya ambayo watawala wake walikuwa bado wapagani. Tarehe 14 Agosti 1385, huko Krewo, Jogaila aliahidi kubatizwa pamoja na ndugu zake na watu wake, kuwaachilia mateka Wakristo, kuziunganisha nchi zake na Polandi, na kulipa zile florini 200,000 za Wilhelm. Akimpata Jadwiga.

Wilhelm alikuwa amewasili Kraków mwezi huohuo kudai mchumba wake. Wakuu wa ngome wakamzuia. Jan Długosz, padre na mwanahistoria aliyezaliwa miaka kadhaa baada ya Jadwiga kufariki, anasimulia kwamba msichana alishuka hadi kwenye lango lililofungwa, akaomba shoka, akaanza kulipasua kwa mikono yake ili amfuate Wilhelm, mpaka mzee Dymitr wa Goraj alipomsihi aache. Kama ilikuwa hivyo kweli au masimulizi yameongezewa chumvi, si rahisi kuamua. Lakini ni habari ambayo waliomheshimu hawakuona haya kuisimulia, maana inaonyesha kwamba alikuwa na moyo wake mwenyewe.

Mapokeo ya Wawel yanasema kwamba alipiga magoti kwa muda mrefu mbele ya msalaba mkubwa wa mbao uliomo hadi leo katika kanisa kuu hilo, akamwuliza Kristo afanye nini, na akainuka akiwa ameamua. Alitangaza hadharani kwamba anaiondoa ile ahadi ya Hainburg, jambo ambalo sheria ilimruhusu alipofikia umri. Tarehe 15 Februari 1386 Jogaila alibatizwa kwa jina la Władysław. Tarehe 18 wakafunga ndoa. Bwana arusi alimzidi umri kwa miaka mingi. Bibi arusi alikuwa na miaka kumi na miwili.

Wahubiri wengine hulieleza tukio hili kama sadaka tamu ya msichana mcha Mungu. Mwandishi wa makala haya hawezi kulieleza hivyo. Umri ule hatuna haja ya kuutetea. Leo hakuna paroko ambaye angebariki ndoa ya namna hiyo, na ni vema hivyo. Wakuu walimkubali mwanamke kitini kwa sababu mkono wake ungeweza kutolewa kwa manufaa ya nchi. Mwana wa mfalme alirithi ufalme. Binti alirithi ufalme, kisha yeye mwenyewe akahesabiwa kuwa sehemu ya urithi. Utakatifu wa Jadwiga haukuwafanya wanaume wale kuwa wema. Unaonekana katika yale aliyoyafanya na maisha ambayo hakuyachagua yote.

Ili kupima uzito wa jambo hilo, tumtazame dada yake. Mary naye alitawazwa kwa cheo cha mfalme, lakini sehemu ya makabaila wa Hungaria hawakukubali kutawaliwa na mwanamke. Wakamwita ndugu wa kiume, Charles wa Durazzo, akavikwa taji siku ya mwisho ya mwaka 1385, na wiki chache baadaye akauawa. Waasi wakalipiza kisasi: Mary na mama yake walitekwa mwaka 1386, na Januari 1387 Malkia Elizabeth alinyongwa gerezani. Mary alipoachiliwa, mumewe Sigismund alikuwa amekwisha kutawazwa, na tangu hapo yeye ndiye aliyetawala. Mary alifariki mwaka 1395 akiwa mjamzito, baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi. Baba mmoja, malezi mamoja, cheo kimoja. Katika nchi moja haki ya binti ilibaki karatasini. Katika nyingine ilishika mizizi.

Ilishika kwa sababu Jadwiga aliitumia. Mapema mwaka 1387, Jogaila alipokuwa Lithuania akisimamia ubatizo wa watu wake na kuanzishwa kwa jimbo la Vilnius, Jadwiga aliongoza jeshi kwenda Rutenia kurudisha miji iliyokuwa mikononi mwa Wahungaria. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Lwów ilimfungulia milango, naye akathibitisha haki za wenyeji wake. Hivyo ndivyo ilivyojibiwa hoja kwamba mwanamke hawezi kwenda mbele ya jeshi, na ilijibiwa karibu bila kumwaga damu. Tangu hapo Polandi ilikuwa na wafalme wawili kwa pamoja, mume na mke, kila mmoja kwa haki yake.

Alipokua alifanya kazi ya upatanishi, ambayo haiandikwi sana kama vita. Jogaila na binamu yake Vytautas waligombea Lithuania kwa miaka, na Jadwiga alikuwa miongoni mwa waliowaweka pamoja. Mwaka 1397 alikutana ana kwa ana na Konrad von Jungingen, Mkuu wa Shirika la Kiteutoni, kujadili ardhi iliyochukuliwa. Hakufanikiwa kuirudisha, lakini vita kubwa haikutokea akiwa hai. Inasimuliwa kwamba aliwaonya Wateutoni kuwa atakapoondoka yeye hakutakuwa na wa kuwazuia Wapoland. Vita ikaja miaka kumi baada ya kifo chake, na mwaka 1410, huko Grunwald, Mkuu mwingine wa shirika hilo akaanguka pamoja na wengi wa askari wake.

Kuna masimulizi mengine ambayo Wapoland huwafundisha watoto wao. Watumishi wa mfalme walikuwa wamewanyang'anya wakulima mifugo, nao wakaja kwa Jadwiga wakilia. Mifugo ikarudishwa. Yeye lakini hakuridhika, akisema kwamba mali imerudi ila machozi yaliyomwagika hakuna wa kuyarudisha. Tunalipenda simulizi hili kuliko lile la shoka, na labda hapo tunajidhihirisha sisi wenyewe.

Kazi yake iliyodumu kuliko zote ni ya elimu. Kazimierz Mkuu alikuwa ameanzisha chuo mjini Kraków mwaka 1364, kikazorota baada yake. Jadwiga alianza na Walithuania: aligharamia nyumba ya wanafunzi wao huko Prague, kwa kuwa aliona kwamba taifa lililobatizwa bila mapadre wake na walimu wake litabaki kama mche usiomwagiliwa. Januari 1397 Papa Bonifasi IX alimkubalia kuanzisha kitivo cha taalimungu Kraków. Fedha za chuo hazikutosha. Katika wosia wake aliagiza vito vyake na mavazi yake ya kifalme viuzwe kwa ajili hiyo. Chuo kilifunguliwa upya Julai 1400, naye hakuwapo kukiona. Leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Jagiellonia, kwa jina la ukoo wa mumewe. Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini si jina lake.

Kwa miaka kumi na mitatu ndoa yao haikupata mtoto, na katika nyumba ya kifalme hilo si huzuni ya watu wawili tu. Hatimaye, tarehe 22 Juni 1399, Jadwiga alijifungua binti. Aliitwa Elżbieta Bonifacja, jina la pili likiwa la Papa aliyekubali kuwa msimamizi wake wa ubatizo. Mtoto aliishi wiki tatu. Alifariki tarehe 13 Julai, na mama akamfuata tarehe 17, akiwa na umri wa miaka 25. Walizikwa pamoja Wawel. Kaburi lilipofunguliwa katika karne ya ishirini ilionekana kwamba alizikwa na fimbo ya kifalme ya mbao.

Baada ya maziko lilitokea jambo ambalo lafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba taji la Jadwiga lilikuwa la jina tu. Jogaila, mwanamume mzima, aliyepakwa mafuta, aliyetawala miaka kumi na mitatu, alitilia shaka haki yake mwenyewe ya kubaki kitini, kwa sababu aliipata kupitia kwa mke ambaye sasa hayupo. Aliondoka Kraków, na wakuu wakalazimika kumbembeleza arudi. Ili kuitia nguvu nafasi yake alimwoa mwaka 1402 Anna wa Celje, mjukuu wa Kazimierz Mkuu. Haki ya kiume ilihitaji kuegemea tena kwenye damu ya mwanamke. Wilhelm naye hakuoa hadi Jadwiga alipofariki. Mwaka 1401 alimwoa Joanna wa Naples, na mwanamke huyo, akiwa mjane, alirithi ufalme wa Naples mwaka 1414 akautawala mwenyewe.

Polandi ilimpa mwanamke cheo cha mfalme mara moja tu tena, ilipomchagua Anna, kitukuu wa Jogaila kwa mke mwingine, mwaka 1575. Safari hiyo wakuu waliweka sharti papo hapo: aolewe na Stefan Báthory.

Waamini wa Kraków walianza kumwomba Jadwiga awaombee tangu karne ya kumi na tano, lakini mchakato wa kumtangaza ulikwama mara kwa mara, kwa vita na kwa kugawanywa kwa nchi yao. Aliyeusukuma katika nyakati zetu ni Askofu Mkuu wa Kraków, Karol Wojtyła, ambaye mwenyewe alisoma katika chuo kile kilichofufuliwa kwa vito vyake. Ndiye Papa Yohane Paulo II, ambaye Watanzania walimpokea Septemba 1990. Mwaka 1979 aliidhinisha heshima ya Jadwiga kama mwenyeheri, na tarehe 8 Juni 1997, kwenye uwanja wa Błonia mjini Kraków, akamtangaza kuwa mtakatifu. Miaka kumi kabla ya hapo, masalia yake yalikuwa yamekwisha kuhamishwa kutoka kaburini na kuwekwa chini ya ule msalaba wa mbao.